Ndizi za Mwali Katika Shamba la Mabomu

Kazi ya kukokota rada niliipata kwa sababu ya mwendo wangu. Nilikuwa nimetoka Turiani, ambako nilikata miwa msimu mzima mpaka nikachoka kuona kitu chochote kirefu, na nilikuwa napita Mlali kwa miguu bila mpango maalumu, nikitaka tu kujua ile barabara inaishia wapi. Kando yake palikuwa na shamba lililozungushiwa utepe mwekundu, na ndani kijana mmoja mwenye kofia pana alikuwa anagombana na kitoroli. Alikivuta, akasimama, akatazama kioo kidogo kilichofungwa juu yake, akanung'unika, akarudi mwanzo. Mimi shule niliiacha darasa la sita, si kwa ubaya wa walimu wala kwa umaskini wa kupindukia, ila kulikuwa na lori linakwenda Kigoma na nilitaka kuiona Kigoma. Tangu hapo sijaweza kumpita mtu anayegombana na mashine bila kuuliza.

"Kinafanya nini hicho?"

"Kinatazama chini ya ardhi."

"Kinaona nini?"

"Kama ningeweza kutembea mwendo mmoja bila kuyumba, ningekuambia."

Nikamwambia mimi nimetembea mwendo mmoja tangu Tabora. Akanipa mpini. Nikakokota kile kitoroli kutoka utepe wa huku mpaka utepe wa kule, polepole, kama mtu anayesindikiza jeneza, na nilipofika mwisho alikuwa ameshika kichwa kwa furaha. Jioni hiyo nilikuwa na kazi na chumba.

Alikuwa mhandisi kutoka Dar es Salaam, anatafuta shahada ya juu. Alinifundisha kila nilichouliza, na nadhani alifurahi, maana wenzake chuoni hawakuwa wanauliza. Chini ya kitoroli palikuwa na kisanduku bapa kinachokaribia kugusa majani. Kisanduku kinatuma mawimbi ardhini, ndugu wa mawimbi ya redio, na mawimbi yakikutana na kitu kisichofanana na udongo, mengine yanarudi. Vifaa vya zamani vya kusaka mabomu vinatafuta chuma, akasema, lakini bomu la kukanyagwa linaweza kuwa la plastiki karibu lote. Rada haichagui chuma wala plastiki. Inachotaka ni tofauti. Na kwenye kioo kila kitu kilichozikwa kinatokea kama mstari uliojikunja, unapanda na kushuka, kama nyusi ya mtu anayeshangaa. Bomu ni nyusi. Jiwe ni nyusi. Mzizi wa mpera ni nyusi. Kazi yote ya mhandisi, na shahada yake pia, ilikuwa kutofautisha nyusi na nyusi.

Mabomu aliyokuwa anayatafuta aliyazika mwenyewe. Yalikuwa maganda ya plastiki yaliyojazwa nta, hayana baruti hata chembe. Alilieleza hilo kwenye mkutano wa kijiji, kabla mimi sijafika, na nilisimuliwa mazungumzo yake mara nyingi kiasi kwamba sasa nayakumbuka kama niliyekuwapo. Mzee mmoja alinyoosha mkono.

"Kama ni matupu, mbona mmeyazika?"

"Ili tuyatafute, mzee."

"Kwani mmesahau mlikoyazika?"

"Hapana. Tuna ramani."

Yule mzee akakaa, akawaambia wenzake kwamba mabomu ni ya kweli, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kugharimia uongo wa namna ile. Basi hakuna aliyekanyaga tena. Mapera yaliiva ndani ya utepe yakaanguka na kuoza bila kuguswa. Hata wachunga mbuzi walizunguka mbali. Kwa mabango yake ya fuvu na mifupa, lile likawa shamba salama kuliko yote Morogoro, kwa maana kwamba mwizi asingeingia kamwe.

Chumba changu kilikuwa kwa mama mmoja jirani na shamba lile, mfanyabiashara wa ndizi. Anazifuata mlimani kwenye migomba ya ukoo wake, anazishusha zikiwa mbichi, anachimba shimo na kuzivundika humo kwa majani makavu mpaka ziive, kisha anazipeleka mjini. Kaka yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa shamba la mabomu. Kila mtu alimwita mjomba, hata waliomzidi umri. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Na huyu alikuwa na sura hasa ya mtu mwenye neno, ingawa alitumia machache.

Mama alipojua mimi ni Mnyamwezi alifurahi kupata mtani ndani ya nyumba.

"Babu yako alipita hapa na mzigo wa pembe kichwani," aliniambia siku ya kwanza, akinipakulia ugali. "Akala ndizi za bibi yangu, akaondoka bila kuaga."

"Bibi yako ndiye aliyemficha jikoni wenzake wasimwone. Msafara mzima ulimngoja."

"Kula, Mnyamwezi, uondoke. Na wewe usiage."

Ndivyo tulivyoishi. Lakini mwezi ule utani wake ulikuwa na haraka ndani yake, kwa sababu binti yake alikuwa mwali. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na familia iliona huo ndio wakati wa kumweka ndani, kabla maisha hayajamchukua. Alikuwa kwenye chumba cha nyuma pamoja na kungwi wake, akifundishwa mambo ambayo mimi, licha ya udadisi wangu wote, nilijua nisiulize. Angetolewa Jumamosi. Mjomba angemfunua khanga usoni, kisha mwali angekula ndizi ya kwanza mbele ya watu, na wageni wangekula baada yake. Na haikuwa ndizi yoyote. Kwao, mtoto wa kike akizaliwa kitovu chake huzikwa kwenye shina la mgomba, na ndizi za siku ya kutolewa hutoka kwenye migomba iliyochipuka hapo. Huwezi kwenda sokoni ukanunua nyingine.

"Asipokula hizo," mama aliniambia, "atakuwa ametoka nyumbani tu, kama anayekwenda dukani. Hajatolewa."

Ndizi zenyewe zilishushwa kutoka mlimani Jumatatu, zikavundikwa. Wapi, sikuuliza, na huo ulikuwa upungufu usio wa kawaida kwangu.

Jumatano mhandisi akataka ardhi tupu. Alisema picha za mabomu hazina maana bila picha ya mahali pasipo na kitu, ya kulinganishia. Akamwuliza mlinzi.

"Mzee, shikamoo. Ipo sehemu humu ambayo haijawahi kuchimbwa?"

Mjomba akafikiri. Akaonyesha pembe ya kusini, nyuma ya mpera. Nilipokwenda kumkumbusha baadaye, alisema alionyesha kaskazini na mhandisi ndiye aliyefuata kivuli cha mkono. Sina la kuongeza hapo. Nilikokota kitoroli nyuma ya mpera, na kioo kikatoa nyusi ambayo sijaiona tena, pana kama paa la nyumba, na chini yake nyusi ndogo ndogo zimepangana.

Mhandisi akakisogelea kioo. Akanirudisha mistari mingine, mmoja kando ya mwingine, mpaka mchana. Kisha akakaa chini ya turubai na kompyuta, akaiunganisha ile mistari kuwa picha moja, ambayo unaweza kuigeuza na kuitazama kutoka juu, ubavuni na chini kama fundi anayetazama kiatu. Akaniita.

"Unaona nini?"

Nikamwambia naona vitu virefu, vimejikunja kidogo, vimelala safu kwa safu.

"Silinda," akasema polepole. "Zimefungwa pamoja. Zimefunikwa na kitu chenye hewa ndani yake." Akavua kofia. "Hivi ni vikombora. Mtu alizika kreti la vikombora hapa, na sisi tumekuwa tukila chakula cha mchana juu yake."

Hapo akaitwa afande. Huyu alikuwa msimamizi wa usalama, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kutegua mabomu katika nchi za kusini kwetu, na alikuwa amerudi na utaratibu ambao haukumtoka. Fulana yake nzito ya kinga na kofia yenye kioo cha kufunika uso alivivaa hata akienda kufukuza kuku waliovuka utepe. Alikuwa pia na panya buku, mkubwa kama paka mdogo, aliyefundishwa kunusa baruti na ambaye sasa, kwa maneno ya afande, alikuwa mstaafu mwenzake. Panya akinusa baruti anakwangua ardhi kwa miguu ya mbele. Afande akamfunga kamba ya kifuani, akampitisha kwanza juu ya maganda ya nta. Panya hakuyajali hata moja.

"Mnaona," akasema afande. "Hamna baruti, hana habari nayo."

Kisha akampeleka nyuma ya mpera. Panya akasimama. Akainua pua. Halafu akakwangua, na nathubutu kusema hakukwangua kama mfanyakazi; alikwangua kama mtu aliyefika kwao. Afande ilimbidi amvute kwa nguvu.

Basi ikawa hivyo. Rada ilisema kuna kitu, panya akasema kitu hicho ni baruti, na hakuna aliyebaki wa kupinga. Utepe ukasogezwa mpaka barabarani. Mhandisi akapiga simu Dar es Salaam, na huko wakamjibu kwamba wataalamu wangefika wiki inayofuata na kwamba asiguse. Afande akapiga hema kwenye utepe ili alale hapohapo. Mjomba alikuwa amesimama wakati wote huo chini ya bango la fuvu, mikono nyuma, anatazama mlimani.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa anachambua mchele uani. Nikamsimulia yote, kwa raha, maana ilikuwa habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuleta mahali. Nilipofika kwenye mpera akaacha kuchambua.

"Nyuma ya mpera upande gani?"

"Kusini."

Akaweka ungo chini. "Mtani, hizo ni ndizi za mwanangu."

Alikuwa amezivundika huko kwa ruhusa ya kaka yake. Mara mbili vijana walikuwa wamefukua shimo lake la uani na kula kila kitu, wakamwachia maganda, na safari hii hakutaka kubahatisha. Akatafuta mahali ambapo hakuna binadamu Mlali angethubutu kutia jembe.

"Jumamosi zitakuwa zimeiva," akasema. "Wiki ijayo zitakuwa pombe."

Asubuhi tulikwenda wote watatu kusema ukweli. Mjomba ndiye aliyeongea, kwa kuwa ni mwenye neno.

"Kile kitu ni ndizi," akasema.

Mhandisi alimwamkia kwa heshima, akamkaribisha kiti cha plastiki. "Mzee wangu, jana ulituambia pale ni patupu. Leo unatuambia ni ndizi. Kesho utatuambia nini?"

"Kesho nitakwambia ni ndizi."

"Nakusikia. Lakini vipimo viwili tofauti vimekubaliana. Siwezi kuvifuta kwa maneno ya mdomo. Siku moja mtu akikanyaga pale akalipuka, nitasema niliambiwa ni ndizi?"

Nikamwomba afande ruhusa ya kuuliza. "Huyu panya, alipokuwa kazini, akipatia alikuwa anazawadiwa nini?"

"Ndizi," akasema afande.

Wote tukamtazama panya. Alikuwa ametulia begani kwa afande.

"Ila alikuwa anapewa baada ya kupatia," akasema afande. "Si kabla."

Mhandisi akalifikiria hilo, akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli. Ingekuwa kabla, ningeelewa."

Na kwa kuwa mjomba ndiye aliyetoa taarifa mbili zinazopingana kuhusu eneo moja, afande akasema utaratibu unamtaka shahidi abaki mahali pa tukio mpaka mahali pasafishwe. Mjomba akabaki kwenye kile kiti cha plastiki. Angeweza kusimama na kwenda, hakufungwa kamba, lakini alikuwa ameshaajiriwa ulinzi miaka mingi maishani mwake na kukaa kwenye kiti kwa amri kulimwingia vizuri.

Ijumaa watu walikuja kutoka Mafiga na mjini kulitazama bomu. Madereva wa bodaboda walikuwa wanaita stendi, "Bomu, bomu, bado mmoja," na waliobebwa walifika wakasimama kwenye utepe, wakatazama mpera, wakauliza liko wapi. Wauza karanga walifanya biashara. Mtu mmoja alinieleza kwa uhakika kwamba ni la wakati wa Mjerumani. Mwingine akasema ni la wakati wa Amin. Nilipowaambia kuna dalili huenda ni ndizi walinicheka, na mmoja akaniuliza kwa upole kama nimekula.

Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, mama alikuja kwenye utepe na kigoda, jembe na kikapu. Akaweka kigoda, akakaa. Alikuwa amevaa nguo yake ya sherehe.

"Mwanangu ameogeshwa alfajiri," akamwambia mhandisi. "Sasa hivi anapakwa mafuta. Akishavuka kizingiti harudi ndani, na lazima afunuliwe kabla ya magharibi. Mjomba wake mnaye nyinyi. Ndizi zake mnazo nyinyi. Nimekuja kuchukua."

"Mama, wataalamu watafika Jumanne."

"Nimesikia. Mimi nakwenda sasa."

Akasimama na jembe lake. Mhandisi akamtazama mjomba amzuie, na mjomba akatazama mlima. Mhandisi akamgeukia afande. Afande alikuwa ameshaanza kufunga mikanda ya fulana.

"Hataingia raia humo na mimi nipo," akasema. "Kama ni lazima kitoke leo, kitatoka kwa utaratibu. Nitachimba mimi."

Nilipewa fulana ya pili na kazi ya kubeba kitakachotoka. Wengine wote, isipokuwa mhandisi, na mjomba aliyebaki kwenye kiti chake, walirudishwa nyuma ya utepe, mama akiwa mbele kabisa na kigoda chake, mahali pa kuweza kusikika.

Wanaotegua mabomu hawachimbi kutoka juu. Wanaanza kando, wanachimba kidogo kidogo kukielekea kitu ubavuni, ili wasikikandamize. Afande alilala kifudifudi kwenye vumbi, mwiko mdogo mkono mmoja, mkono mwingine fimbo nyembamba ya chuma ya kutobolea ardhi kwa mshazari. Akatoboa. Akasubiri. Akatoboa tena.

"Usizichome, afande," akasema mama.

"Nasikia kitu," akasema afande. "Ni laini."

"Zimeiva."

"Baruti ya zamani nayo hulainika."

"Hilo ulilogusa ni jani la juu. Nimetandika majani makavu, halafu magome ya mgomba, halafu majani tena. Ukifika kwenye magome toa mkono, usitumie chuma."

Afande akasimamisha kazi, akageuza kofia yake kumtazama. "Ganda la nje ni gome?"

"Magome. Mawili yamepishana."

"Yamefungwa?"

"Kwa kamba ya mgomba. Fundo liko upande wa mlimani."

Akarudi chini. Akalitafuta fundo lilipo, akalipata, akalifungua kwa vidole polepole kiasi kwamba watu wote kwenye utepe waliinama mbele, na hata mimi, niliyejua kilichomo, niliinama nao. Jani la kwanza likatoka. Akanipa, nikalibeba kwa mikono iliyonyooka kupitia njia iliyosafishwa, nikaliweka kwenye turubai, na mhandisi akalipiga picha. Likatoka la pili. Harufu ikatufikia wote kwa pamoja, tamu, nzito, harufu ya ndizi iliyoiva isiyoweza kufananishwa na kitu kingine.

"Kuna baruti zinazonukia tamu," akasema afande kutoka shimoni, lakini sasa alikuwa kama anayejikumbusha.

Chane ya kwanza ilikuwa ya njano yote, haina doa. Nikaibeba vilevile, hatua kwa hatua, fulana ikinipiga magotini. Mama alisimama akaitazama ikipita.

"Mnyamwezi, usiiangushe. Babu yako angalau alikuwa anajua kubeba."

"Babu yangu hakuvalishwa godoro."

"Afande," akaita, "zinalala kichwa na mkia. Chukua hiyo ya kushoto kwanza, ukivuta ya kulia zitaanguka zote."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwako wewe uliyelala."

Wakaendelea hivyo, chane baada ya chane, na nilivyokuwa nakwenda na kurudi niliona kwamba walikuwa wameacha kubishana kitambo. Afande alikuwa anauliza na mama anajibu, kwa sauti za watu wanaoshusha kabati kwenye ngazi. Mhandisi alifungua kompyuta yake akaiweka ile picha kando ya turubai. Alikuwa anatazama ndizi, anatazama picha, anaigeuza.

"Hii hapa," akaniambia kwa sauti ya chini, akionyesha silinda moja yenye mkunjo. Kisha akaonyesha ndizi moja pembeni ya chane. "Ni ileile. Unaona? Imeiona mpaka mkunjo wake." Nilidhani ataaibika, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea zawadi. Hakuna mtu duniani, alisema, mwenye picha nzuri ya ndizi zilizozikwa kama aliyonayo yeye. Akaanza kunieleza sura nzima atakayoiandika, na mimi nikiwa nimebeba chane nilisimama kusikiliza, mpaka mama akanikumbusha kazi.

Jua lilikuwa limeshuka tuliposikia ngoma. Kungwi alikuwa amechoka kungoja. Mwali alikuwa amevuka kizingiti, na kwa kuwa harudi nyuma, na mjomba haji, akaamua kumpeleka mwali aliko mjomba. Wakaja kwenye barabara ile, wanawake wengi wanaimba, na katikati yao binti ameinama, amefunikwa khanga kichwa chote, ameshikwa mabega. Watu waliokuja kutazama bomu wakafungua njia. Wauza karanga wakavua kofia. Msafara ukafika kwenye utepe mwekundu, chini ya bango la fuvu, ukasimama.

"Mjomba wake yuko wapi?" akauliza kungwi.

"Huyu hapa," akasema mhandisi, na akamtazama afande.

Afande alikuwa amepiga magoti sasa, shimo liko wazi mbele yake. "Bado chane moja," akasema. "Eneo halijawa salama."

"Basi itoe," akasema kungwi.

"Naitoa."

Wanawake wakashusha sauti lakini hawakuacha kuimba. Wakaimba kwa chini, midomo karibu imefungwa, wakiyumba papo hapo, na afande akatia mikono yote miwili shimoni. Mama alikuwa ameshika utepe. Hakutoa maelekezo tena. Chane ile ya mwisho ilikuwa ya chini kabisa, iliyokuwa karibu na udongo wenye joto, na kama kulikuwa na za kuoza basi ndizo hizo. Afande akaiinua. Akaigeuza mbele ya kioo cha kofia yake, upande huu na huu. Akachungulia shimoni, akapapasa ukuta wote kwa kiganja, akapapasa chini.

"Eneo ni salama," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka panya, ambaye afande alikuwa amemwachia mhandisi, akajificha kwenye kola yake. Mjomba akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akajifuta vumbi la suruali, akaja kwenye utepe, akaunyanyua kwa mkono mmoja na kupita chini yake. Akasema maneno machache kwa Kiluguru, ambayo hayakuwa yangu kuyaelewa. Kisha akashika pindo la khanga na kumfunua binti uso.

Mwali hufundishwa kutoinua macho haraka. Aliyainua polepole, kama alivyoelekezwa, na jambo la kwanza aliloliona baada ya siku zake zote za ndani lilikuwa mwanaume aliyepiga magoti, amevaa mavazi ya kujikinga toka shingoni mpaka magotini, uso wake umefunikwa kioo chenye vumbi, amenyoosha mikono miwili kumpa ndizi.

Kicheko kikamjia midomoni. Kungwi akamfinya bega, mwali akakizuia. Mama akachukua chane mikononi mwa afande, akakata ndizi moja, akaimenya, akampa. Binti akauma, akatafuna, na mama alikuwa amesogea karibu mno, anatazama taya lake linavyokwenda.

"Imeiva?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mwali haruhusiwi kusema siku ile mpaka alale. Akameza. Akamtazama mama yake, kisha akanyoosha mkono kuomba nyingine.